Wajukuu wa Bibi: Nani Anasoma Bumble?

IJUMAA

[19:02] Mwanaidi: Habari za jioni familia. Kesho saa kumi kamili tunapigiana video, sura ya pili ya Oliver Twist, kile kitabu cha Charles Dickens cha yatima wa nyumba ya maskini. Narudia mgawanyo kwa mara ya tatu, tafadhali msiseme hamkuuona:
Msimulizi ni mimi
Oliver ni Nuru
Bumble, yule ofisa wa parokia, ni Idi
Yule bwana mwenye upawa ni Kassim
Bi Mann, mlezi wa watoto, ni Tatu
Kijana mrefu ni Salim
Bibi atasikiliza. Nijibuni.

[19:41] Mwanaidi: Tiki za bluu naziona jamani.

[20:10] Mwanaidi: Nimekaa usiku tatu natafsiri hiyo sura. Hata neno moja?

[20:13] Salim: Nipo shangazi 🙋🏾 Kijana mrefu ndiye anayetaka kumla mwenzake?

[20:14] Mwanaidi: Hasemi anataka. Anasema asipopata bakuli la pili kila siku, anaogopa usiku mmoja atajikuta amemla anayelala pembeni yake. Baba yake alikuwa na kiduka cha chakula kilichopikwa, hakuzoea njaa. Wenzake wanamwamini kwa sababu macho yake yana njaa kweli. Soma kwa sauti nzito.

[20:15] Salim: Anayelala pembeni yangu ni Nuru. Nuru lala na viatu leo

[20:15] Salim: 😂😂😂

[20:16] Kassim: Mwache mtoto, anasoma mistari yake hapa.

[20:18] Kassim: Ni mimi Nuru natumia simu ya baba. Shangazi, pauni tano walimuuza?

[20:20] Mwanaidi: Hapana mwanangu. Alipoomba uji zaidi walimfungia peke yake, na kesho yake asubuhi wakabandika tangazo nje ya lango: atakayemchukua Oliver atapewa pauni tano.

[20:21] Kassim: Yaani wanalipa ili aondoke?

[20:34] Idi: Ndiyo Nuru.

[20:35] Mwanaidi: Idi! Kumbe upo. Umeona sehemu yako?

[20:47] Tatu: Samahani nilikuwa namlaza Bibi. Saa kumi siwezi, nilisema wiki iliyopita. Saa kumi na mbili naweza. Halafu Mwanaidi, ule mstari wenyewe nauonea shida. Umeandika "Tafadhali bwana, nataka zaidi". Mtoto wa miaka tisa hamwambii mtu mzima "nataka".

[20:49] Mwanaidi: Ndivyo ilivyo kwenye Kiingereza. Nikibadilisha mtasema nimeharibu.

[20:50] Tatu: Kiingereza chao kinaruhusu, ameanza na tafadhali na bwana. Kwetu ukisema "nataka" hata tafadhali haikuokoi. Msikilizaji atadhani Oliver ni jeuri, wakati kitabu kizima kinasema sivyo. Hata kwenda pale mbele hakujitolea. Walikaa kikao, wakapiga kura, ikamwangukia.

[20:51] Salim: Mimi ningesema "mzee ongeza hapo"

[20:51] Salim: halafu nikimbie

[20:52] Kassim: 😂 Upawa ungekukuta mlangoni

[20:53] Mwanaidi: Salim, tuko kwenye jambo la maana. Tatu, unapendekeza nini?

[20:55] Tatu: "Naomba niongezewe." Basi.

[20:56] Mwanaidi: Haina nguvu. Ni mstari unaojulikana duniani kote tangu 1837, wewe unataka usikike kama mtu anaomba chumvi.

[20:58] Kassim: Mimi swali langu, serikali ilikuwa wapi watoto wanasugua bakuli kwa kijiko hadi linang'aa bila kuoshwa?

[21:01] Tatu: Serikali ndiyo iliyopanga hivyo kaka. Sheria ya Maskini ya Uingereza ya 1834. Nia ilikuwa maisha ndani ya zile nyumba za maskini yawe mabaya kuliko ya kibarua maskini kabisa wa nje, ili mtu aogope kuja kuomba msaada. Ule uji mwepesi haukuwa ajali.

[21:09] Idi: Bumble sisomi.

[21:10] Mwanaidi: Jamani Idi, saa tatu usiku? Una sauti yake kabisa.

[21:12] Idi: Bumble ndiye aliyempa Oliver jina. Anasema mwenyewe anawapanga kwa alfabeti. Aliyetangulia alikuwa S, akaitwa Swubble. Huyu akaangukia T. Anayefuata ataitwa Unwin, halafu Vilkins. Mtoto hajafika, jina linamsubiri kwenye orodha, na Bumble anajisifia kwamba amelitunga. Huyo mimi simtolei sauti.

[21:13] Mwanaidi: Basi chukua bwana mwenye upawa, Kassim awe Bumble.

[21:13] Kassim: Ngoja kwanza Mwanaidi

[21:14] Idi: Upawa unanipa mimi?

[21:16] Tatu: Mwanaidi futa hiyo.

[21:16] Mwanaidi: Nifute nini? Ni kitabu. Tunawasomea watoto kitabu.

[21:19] Idi: Kura ya Oliver inasemekana ilikuwa ya haki. Sijui vijiti vyake alivishika nani.

[21:20] Salim: Vijiti gani baba mdogo?

[21:20] Kassim: Salim weka simu chini.

[21:22] Mwanaidi: Idi, miaka thelathini. Tulikuwa watoto. Na Mama yuko kaburini, hawezi kujibu, usimguse.

[21:25] Idi: Sijamtaja. Nimetaja vijiti. Nyote mlikuwa na njaa, kifupi kilikuwa changu. Jumatatu changu, Alhamisi changu.

[21:26] Mwanaidi: Ilikuwa bahati.

[21:31] Idi: Huyu mwandishi, Dickens, alipokuwa na miaka 12, mwaka 1824, baba yake alifungwa gerezani kwa madeni, yeye akapelekwa kubandika lebo kwenye vyungu vya rangi ya viatu. Baba alipotoka, mama yake bado alitaka arudishwe kazini. Akaandika kwamba hilo hakulisahau, hatalisahau, hawezi kulisahau. Wanawe walikuja kujua baada ya yeye kufa. Mtu aliyesomwa nchi nzima, na jambo hilo alilibeba kimya. Kwa hiyo usinihesabie miaka dada.

[21:33] Kassim: Tulale, tutaongea kesho.

[21:52] Tatu: Bibi hakuwa amelala. Amenisikia nikisoma. Amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze:

"Idi, mjukuu wangu. Siku ile nilikuwa nimekaa mlangoni nashona. Niliviona vijiti. Niliuona na mkono wa Mwanaidi. Ulikuja umeshika bakuli kwa mikono miwili, ukasema, Naomba niongezewe kidogo Mama Mkubwa, kama kimebaki. Upawa ukagonga sufuria, halafu ukakugonga wewe. Mimi nikaendelea na sindano. Aliyeshika upawa nilimzaa mimi, na mama yako nilimzaa mimi nikamzika mimi, na niliendelea na sindano. Mwanaidi, usimtetee mama yako. Kitabu kisomwe. Idi asisome asichotaka."

[21:53] Tatu: Mwisho wa maneno yake.

[22:20] Baba Rama: Habari zenu, nilikuwa kazini, nakuta meseji nyingi. Kesho saa ngapi?

[22:21] Baba Rama: Nimeanza kusoma juu. Samahanini.

[22:48] Mwanaidi: Shikamoo Bibi. Nimekusikia.

[23:05] Mwanaidi: Idi. Kifupi nilikuwa nakibana na kidole gumba upande wako. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua akienda mmoja wetu atapigwa na kuambiwa sisi ni wake, ukienda wewe wa kuletwa utapigwa tu. Sijui kwa nini niliona hiyo ni nafuu. Nimekitafsiri kitabu hiki usiku tatu na kila nikifika kwenye kura naruka mbele. Ule mstari wa kura haumo kwenye karatasi niliyowatumia. Angalieni.

[23:06] Mwanaidi: Nisamehe.

JUMAMOSI

[05:40] Idi: Nilikuwa nakiona kidole.

[06:15] Kassim: Kweli haumo. Nimeangalia.

[07:30] Kassim: Ni mimi Nuru. Niseme "Naomba niongezewe kidogo bwana, kama umebaki"? Baba anasema ndivyo Bibi alivyosema.

[07:44] Idi: Toa "kama umebaki". Oliver alijua umebaki. Sufuria liko mwisho wa ukumbi, analiona. Hilo neno husemwa na mtoto anayemtafutia mtu mzima njia ya kukataa. Sema "Tafadhali bwana, naomba niongezewe." Halafu unyamaze, usiharakishe. Yule bwana anageuka rangi, anashikilia sufuria asianguke, anamuuliza "Nini?" Nawe unarudia vilevile, kwa sauti ileile.

[07:46] Kassim: Sawa baba mdogo. Nalishika bakuli kwa mikono miwili?

[07:58] Idi: Na kijiko.

[08:30] Mwanaidi: Nimerudisha kura mahali pake na nimeweka "naomba". Karatasi mpya hii hapa. Sasa saa kumi au saa kumi na mbili? Na Bumble?

[08:31] Salim: Bumble naweza mimi nikiacha kumla Nuru

[08:33] Kassim: Kijana mrefu atasomwa na nani sasa

[09:20] Mwanaidi: Tatu? Baba Rama?

[10:47] Baba Rama: Mimi nipo saa yoyote. Bumble ni yupi?

[11:15] Mwanaidi: Idi, utaingia hata kusikiliza?

[13:02] Tatu: Saa kumi na mbili. Bibi anauliza kama Idi amejibu.

[14:36] Idi: Mkianza nipigieni.