Kama Mungu amekwisha kuchagua, kuonya na kuombea kuna kazi gani?

Mwana wa Kibirizi (Kigoma)
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Hivi karibuni tulimzika kijana aliyezama ziwani, baada ya mtumbwi wao kupigwa na upepo usiku wakivua dagaa. Mhubiri alisoma Waefeso 1:4 akasema kwamba siku ya kijana huyo ilipangwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, wala hakuna aliyethubutu kusema kwamba chomboni hamkuwa na jaketi okozi hata moja. Ikiwa Mungu amekwisha kuamua nani ataokoka na nani atapotea, kumhubiria mtu, kumwonya au kumwombea kunabadilisha nini? Naomba majibu ya Maandiko. “Kazi ya Mungu haina makosa” nimeisikia ya kutosha.

Mwinjilisti (Kasulu)
Poleni sana kwa msiba, ndugu yangu. Mhubiri wenu amefunga mambo mawili katika fundo moja. Waefeso 1:4-5 inasema tulichaguliwa katika Kristo ili tuwe watakatifu na tufanywe wana. Tarehe ya kufa kwa mtu haimo humo. Sisi Waanglikana tunalo fundisho la kuchaguliwa katika kifungu cha 17 cha vile Vifungu 39 vya imani ya kanisa letu, na kifungu hichohicho, baada ya kuliita faraja kwa wacha Mungu, kinaonya kwamba wadadisi wasio na Roho wa Kristo wanaweza kusukumwa nalo hadi kukata tamaa au kuishi ovyo. Hata Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo ni la Kikalvini hasa, yaani la wafuasi wa Calvin wanaosisitiza kwamba Mungu ndiye huchagua, linasema katika sura ya 3 kwamba Mungu aliagiza yote yatakayotokea, lakini bila kuyalazimisha mapenzi ya viumbe na bila kuondoa nafasi ya visababishi vingine.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa ziwani, soma Matendo 27. Paulo anaambiwa na malaika kwamba watu wote waliomo merikebuni, nao walikuwa 276, watapona. Ahadi imekwisha kutolewa. Hata hivyo, mabaharia wanapoishusha mashua kwa hila ili watoroke, anamwambia akida kwamba hao wasipobaki chomboni hawataokoka, na askari wanazikata kamba. Paulo hakuona kwamba ahadi imeifanya tahadhari kuwa upuuzi. Anayeingia ziwani bila jaketi kwa sababu “Mungu amepanga” hajajifunza hilo kwa Paulo.

Mmoraviani wa Sikonge (Tabora)
Mwinjilisti, umejibu vizuri kuhusu kufa na kupona, ila umelikwepa lile gumu. Matendo 27 ni habari ya miili. Ndugu ameuliza pia nani atapotea milele. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, walishika Warumi 8:29, kwamba Mungu aliwachagua wale aliowajua tangu asili, yaani aliona kimbele nani angeamini. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 hadi 1619, iliwakataa. Mimi niko upande wa walioshindwa, kwa sababu 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu hutaka watu wote waokolewe, na sioni jinsi ya kulipunguza neno “wote” bila kulivunja. John Wesley naye, mwanzilishi wa Wamethodisti aliyejifunza mengi kwa Wamoraviani, alifarakana kwa jambo hili hili na mhubiri mwenzake George Whitefield, aliyeshika upande wa Calvin. Lakini Whitefield alipofariki mwaka 1770, ni Wesley aliyehubiri katika ibada ya kumkumbuka huko London.

Mwana wa Kibirizi (Kigoma)
Asanteni. Ila kama Mungu aliona kimbele kwamba mtu hataamini, je, mtu huyo anaweza kweli kuamini?

Katekista (Tabora mjini)
Tumsifu Yesu Kristo. Kujua si kusababisha: Yesu alijua kwamba Petro angemkana, lakini aliyemkana ni Petro. Kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ulimfuata Mtakatifu Agostino dhidi ya Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, kwa kusema kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, kisha ukamlaani yeyote anayedai kwamba Mungu humpangia mtu uovu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ukaongeza kwamba mtu huweza kuikataa neema hiyo. Jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja, mashirika yetu mawili ya kitawa, Wayesuiti na Wadominiko, yalibishana hadi Papa Paulo V alipoyaambia, mwaka 1607, yaache kushutumiana, naye hakutoa hukumu. Nadhani alifanya vema, ingawa wanafunzi wangu wa kipaimara huniona nakwepa.

Mwinjilisti (Kasulu)
Mmoraviani, nakubali kwamba nililipita. Ila tatizo letu ni kwamba wengi husimama Warumi 9, penye habari ya Mungu kumchagua Yakobo badala ya Esau, wakafunga kitabu. Sura ya 10 inauliza watasikiaje pasipo mhubiri, na katika 11:23 matawi yaliyokatwa yanaweza kupandikizwa tena yasipodumu katika kutoamini. Paulo yuleyule aliyeandika katika sura ya 9 juu ya mfinyanzi na udongo ndiye anayesema katika 10:1 kwamba anawaombea Waisraeli waokolewe. Angekuwa anaona orodha imefungwa, asingewaombea.