Baba amemaliza kemo nne, sasa anaambiwa aendelee na dawa moja. Hadi lini?

Kifunguamimba:
Habari zenu wapendwa. Baba ana miaka 67, saratani ya mapafu hatua ya nne, aina ya adenokasinoma. Hajawahi kuvuta sigara. Amemaliza mizunguko minne ya karboplatini na pemetreksedi. Skani ya juzi imeonyesha uvimbe umepungua kutoka sentimita 5 hadi 3, na maji ya kifuani hayajarudi. Tulilia kwa furaha. Kisha daktari akasema karboplatini inasimama, ila pemetreksedi itaendelea kila siku 21. Nikauliza hadi lini. "Maadamu inafanya kazi na mwili wake unaistahimili." Baba hakusema neno njia nzima. Alikuwa akikata tarehe kwenye kalenda akijua ya nne ndiyo ya mwisho. Nimwelezeje?

Jingine: kipimo cha jeni kilirudi kimeandikwa "sampuli haitoshi", na hakuna aliyekirudia. Kina maana tena sasa, ikiwa dawa imeshafanya kazi?

Namuuguza_Mama:
Pole dada, na hongera kwa hiyo skani. Naanza na hilo la mwisho maana limenishtua. Kirudiwe, hasa kwa mtu asiyevuta sigara! Sampuli ya kwanza ya mama nayo haikutosha, sindano ilitoa chembe chache mno. Nikamuuliza daktari kama damu inaweza kupimwa badala ya kumchoma tena kifuani, akakubali, kwa kuwa vipande vya jeni za uvimbe huingia kwenye damu. Ikaonekana uvimbe una badiliko kwenye jeni iitwayo EGFR, sehemu ya eksoni 19. Leo anameza osimertinibu, dawa inayolenga badiliko hilo, kidonge kimoja cha miligramu 80 kwa siku, mwezi wa 26 huu. Katika utafiti wa FLAURA, nusu ya walioanzishiwa dawa hii walivuka miezi 18.9 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Kwa vidonge vya kizazi cha nyuma ilikuwa 10.2.

Damu isipoonyesha kitu, msikate tamaa. Uvimbe mwingine hautoi jeni za kutosha kwenye damu, na hapo ndipo huhitajika kinyama kipya kutoka kwenye uvimbe wenyewe. Na majibu yapatikane kabla baba hajaanzishiwa dawa ya kuamsha kinga: anayetoka kwenye hiyo akaingia osimertinibu muda si mrefu yumo hatarini zaidi mapafu kuvimba.

Vidonge navyo vina mambo yake. Mama kucha zilimvimba kando hadi akashindwa kufunga vifungo vya nguo, na kuhara kulimsumbua. Kikohozi kipya au pumzi kubana hatusubiri tarehe ya kliniki, tunaondoka siku hiyohiyo.

Nesi_wa_Dripu:
Mwambie mzee hesabu yake haikuwa na kosa: nne zilikuwa za karboplatini, na zimeisha. Hiyo ndiyo inayochosha uboho, mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa, zaidi kila inaporudiwa. Pemetreksedi peke yake ni dripu ya dakika 10, na wengi huibeba vizuri zaidi kuliko zile mbili pamoja. Kazi yake ni kuuzuia uvimbe uliosinyaa usiinuke upesi. Akichoka sana, ana haki ya kuomba mapumziko, aseme tu.

Ninachokiona mara nyingi, na kinaniuma: watu huacha vitamini wakidhani kemo imekwisha. Asidi ya foliki ni kila siku, hadi siku 21 baada ya dozi ya mwisho kabisa. Sindano ya B12 kila wiki 9. Bila hivyo mdomo hutoka vidonda na chembe za damu hushuka vibaya. Na msimpe ibuprofeni bila kuuliza, maana dawa hii hutolewa na figo.

Kifunguamimba:
Nimemsomea baba yote. La dakika 10 limemkalisha wima kitandani, akaniambia nirudie. Nimefungua mfuko wake wa dawa: foliki iliisha siku nne zilizopita, na sote tulidhani haihitajiki tena. Nimeshampigia nesi wake, ameanza tena usiku huu. Kesho namwuliza daktari kuhusu kipimo cha damu.