Hadithi ya redio: itumwe au ibaki nyumbani?

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nina swali, naomba msinicheke. Maombi yangu ya vyuo vya Marekani yanakaribia kwisha. Sasa kuna ile hadithi fupi niliyoandika, kurasa 14. Niiambatishe au niiache?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Ambatisha! Tena weka na yale mashairi yako. Kizuri chajiuza.

Shangazi Rehema: Malizia methali, Hamisi. Kibaya chajitembeza.

Mjomba Hamisi: 😂😂 Nimenyamaza.

Kaka Idi: Zuhura, kabla ya yote, kila chuo kinasema nini? Vipo vinavyopokea kazi za sanaa, na vipo vinavyosema waziwazi msitutumie tusichokiomba. Ukituma huko, umewaambia tu kwamba hukusoma maelekezo. Princeton kwa mfano wana sehemu ya hiari ya sanaa, na uandishi wa kubuni umo. Ila usiichanganye na ile kazi ya darasani iliyosahihishwa na mwalimu. Hiyo wanaidai kwa kila mwombaji.

Zuhura: Nina vyuo vitano. Viwili vinapokea kupitia SlideRoom, ile tovuti ya kutumia kazi za sanaa, viwili havijasema kitu, kimoja kimekataa.

Kaka Idi: Kilichokataa kisahau. Vilivyonyamaza viandikie barua pepe ya mistari miwili uulize. Na uangalie tarehe, sehemu ya sanaa mara nyingi ina mwisho wake peke yake. Usije ukakaa unahesabu Januari 1 kumbe wenzako walishafunga.

Mjomba Hamisi: Lakini Idi, wakiiona hadithi watachukia? Si ndiyo wamjue mtoto?

Kaka Idi: Mjomba, msomaji wa maombi huko chuoni ana rundo mezani. Ameshasoma insha ya maneno 650, shughuli za Zuhura hadi kumi, barua za walimu. Amechoka, ameanza kumpenda. Halafu anafungua kurasa 14 zinazopwaya. Hapo haongezi alama, anaanza kuwa na shaka na vile alivyovipenda.

Mama: Mimi sielewi kitu kimoja. Mtoto anaomba kusomea biolojia. Hadithi ya nini?

Kaka Idi: Hapo ndipo naona ina faida, Mama Zuhura. Faili lake lote ni maabara na hesabu. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba anaandika. Kama insha yake kuu ingekuwa inahusu uandishi, ningemwambia asijirudie.

Zuhura: Insha inahusu vyura.

Mjomba Hamisi: Vyura??

Shangazi Rehema: Hamisi, acha. Mimi hadithi nimeisoma jana usiku. Zuhura mwanangu, nisikilize vizuri. Kurasa tatu za kwanza ni mvua. Inanyesha, inakatika, inanyesha tena. Hadithi inaanza ukurasa wa nne, pale bibi anapoifunika redio kwa kitambaa ili watu wasione sauti ameizungusha hadi mwisho. Halafu hapa, nimetafsiri mwenyewe: "Akaulizwa kama mlango umefungwa, akajibu kwamba basi limeshapita. Wote tukacheka. Yeye akacheka wa mwisho, macho yake kwenye midomo yetu."

Shangazi Rehema: Hapo niliweka simu chini kwanza.

Zuhura: Asante Shangazi 🥹 ila mvua ndiyo niliyoipenda kuliko yote

Shangazi Rehema: Najua. Inaonekana.

Mjomba Hamisi: Nipeni mimi niinyooshe. Nina programu ya akili mnemba hapa, Kiingereza chake hata Malkia angeuliza maana.

Kaka Idi: Mjomba, utamponza mtoto! Common App, ule mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo, wanaihesabu kuwa udanganyifu, ukiwasilisha kilichoandikwa na mashine kana kwamba ni chako. Hata wewe kwa mkono wako usiguse. Mwambie tu ulichoka wapi, akate mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Haya, kalamu chini.

Mama: Ngojeni kwanza. Huyo bibi wa redio ni nani?

Zuhura: Ni hadithi ya kubuni, Mama.

Mama: Ya kubuni, na redio imefungwa mpira mweusi kama ile ya sebuleni?

Kaka Idi: 🙈

Mama: Zuhura, watu wasiomjua watakaa mezani wanasoma kwamba mama yangu hasikii. Umemuuliza?

Zuhura: Bado 😔 Nilikuwa nangoja kujua kama inafaa kutumwa ndiyo nimuulize.

Shangazi Rehema: Ulianza mwisho. Ungemuuliza kwanza.

Mama: Na humu kikundini yumo.

*Bibi ametuma ujumbe wa sauti (1:12)*

Mjomba Hamisi: Eee Mola.

Zuhura: Naogopa kufungua. Shangazi, sikiliza wewe.

Shangazi Rehema: Nimesikiliza. Anasema amesomewa yote tangu juzi, Idi ndiye aliyemsomea.

Zuhura: KAKA IDI

Shangazi Rehema: Anasema redio yake si ya kijani, ni ya bluu. Na siku ile ya mlango alisikia, hakutaka tu kujibu. Anasema utume kwa hao wawili wanaopokea, ila mvua uitoe, alisinzia.

Zuhura: Shikamoo Bibi ❤️ Mvua naitoa leo leo. Zitabaki kurasa kama kumi. Na redio nitaibadilisha iwe ya bluu.

Shangazi Rehema: Redio iache kijani.