Naombeni ushauri, usiku ndo naanguka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeokoka huu mwaka wa 3, naendesha lori Dar mpaka Tunduma, mchana niko vizuri kabisa ila usiku nikishaingia gesti peke yangu naanza kuperuzi simu mwisho najikuta kwenye picha chafu. Nimejitoa magrupu yote ya hovyo, nikafunga siku 3, nikakaa wiki 2 safi halafu nikarudi palepale, inaniuma sana jamani.

Mathayo 26:41 Yesu anasema kesheni mkiomba, na wanafunzi wenyewe walizidiwa na usingizi, nami hali yangu ndo hiyo. Sasa mtu aliyechoka na safari anakeshaje kiroho? Na je nimwambie mke wangu au nianze kwa mchungaji?