Hivi kimondo kilichomaliza madinosaria ndo kilichimba Ngorongoro?

Dereva wa Kijenge:
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha hapa naendesha gari za watalii, sasa kijiweni kuna mzee anawaambia wageni Ngorongoro ilichimbwa na kile kimondo kilichoua madinosaria, mwenzie anabisha eti hicho kimondo ndo kile kiko Mbozi, mimi nimebaki katikati na wageni wengine wamesoma kweli kweli usiombe 😅 Mwenye ujuzi aniweke sawa. Halafu jiwe moja linauaje wanyama dunia nzima, waliokuwa mbali si wangepona?

Mwl wa Moshi:
Wote wawili wamekosa. Ngorongoro ni volkano, ilimwaga uji wake wa moto mpaka ndani kukabaki tupu ndo juu kukaporomoka, hiyo ni kama miaka milioni 2.5 iliyopita tu. Dinosaria wameisha miaka milioni 66 nyuma. Na cha Mbozi ni pande la chuma la tani 16 hivi, haliui hata kijiji.
Kilichowamaliza kiliangukia Mexico, rasi ya Yucatán, panaitwa Chicxulub. Kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi au zaidi, shimo lake karibu kilomita 180, yaani toka Moshi nenda Arusha rudi bado hujalimaliza. Ila ukienda leo huoni kitu, limefukiwa na mawe ya chokaa na nusu liko chini ya bahari.
Sasa swali lako la waliokuwa mbali ndo penyewe hapo. Miamba ya pale ilijaa jasi, na jasi ina salfa, ilivyogongwa ikapanda juu pamoja na vumbi na masizi jua likazibwa, baridi ikaingia, majani yakakosa mwanga, mla majani akafa njaa na mla nyama akamfuata. Robo tatu hivi ya aina za viumbe zilikwisha.

Chalii wa Ngarenaro:
Mwalimu shikamoo, lakini nani alikuwepo akaona? Wazungu nao wanajua kutunga aisee

Mwl wa Moshi:
Marahaba. Hakuna aliyeona, udongo ndo shahidi. Mwaka 1980 wanasayansi Luis Alvarez na mwanae Walter na wenzao walitangaza kwamba kuna kitabaka chembamba cha udongo kule Gubbio, Italia, kina iridiamu (aina ya metali) nyingi kupita kawaida, na iridiamu juu ya ardhi ni adimu ila vimondo vinayo. Tabaka la umri huo huo linaonekana mpaka upande wa pili wa dunia. Shimo lenyewe waliliona watu waliokuwa wanatafuta mafuta huko Mexico, miaka ya sabini, wala hawakuwa na habari na dinosaria.

Mama Sanawari:
Na yule mjusi wetu wa Tendaguru Lindi waliyempeleka Berlin wakamsimamisha makumbusho, naye alikufa siku hiyo?

Mwl wa Moshi:
Hapana mama, yule ni wa miaka milioni 150 hivi, alishakuwa mfupa zamani sana kabla ya hilo jiwe. Suala la kumrudisha lina uzi wake, tusianze hapa 😂

Chalii wa Ngarenaro:
Mi nilisikia ni volkano za India

Mwl wa Moshi:
Zilikuwepo, zinaitwa Deccan, zilimwaga lava kabla na baada ya kimondo, na mpaka leo wapo wanasayansi wanaozitupia sehemu ya lawama. Wengi wanasema jiwe ndo lilimaliza kazi.