Walimu wa Hisabati: MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) inakwama shuleni kwetu, naombeni ushauri

Chaki Nyeupe: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Hisabati shule ya msingi, na Mwalimu Mkuu amenikabidhi jumuiya ya ujifunzaji ya somo hilo. Tunakutana baada ya vipindi, nasoma moduli, wenzangu wanasahihisha madaftari, tunasaini mahudhurio, basi. Darasa la Tano bado wanaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nifanyeje mafunzo haya yafike darasani? Usingizi siupati.

Kaka Mjengo: Posho ipo? Mtu ametoka kufundisha watoto mia, unamkalisha na njaa asikilize moduli. Anza na mihogo.

Mama Tunu: Ualimu ni wito, jamani. Sisi tulifundisha kwa vijiti na vizibo vya soda, posho hatukuuliza.

Wa Nyanza: Huku Kenya tulipitia SMASSE, mafunzo ya walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari, ya serikali na JICA, shirika la misaada la Japani. Ilianza 1998 kwa wilaya 9 za majaribio, baadaye nchi nzima. Wakufunzi wa taifa waliwafunza wa wilaya, hao wakatufunza sisi, tena wakati wa likizo. Manung'uniko tele! Hadi utufikie, uji ulikuwa maji matupu. Kilichonikaa ni hiki tu: panga, tenda, tazama, boresha. Wengi tuliishia kwa "panga".

Fundi Namba: Mwalimu, nani hasa anakwamisha? "Wenzangu" ni akina nani?

Chaki Nyeupe: Tuko wanne. Wawili hawana shida. Mmoja ni mkongwe, anakaribia kustaafu. Akinyamaza yeye, wote kimya.

Fundi Namba: Mbona unamzunguka? Ni nani kwako?

Chaki Nyeupe: Ndiye aliyenifundisha Hisabati Darasa la Sita. Namwamkia shikamoo kila asubuhi. Na nimeshampelekea Mwalimu Mkuu ratiba ya kutazamana vipindi, cha kwanza ni cha mzee. Simdhalilishi. Ana uzoefu kutuzidi sote, akikubali yeye wengine watafuata.

Mama Tunu: Ukamkague mwalimu wako? Mwanangu, hapana.

Bin Shaka: Hii chai. Vituo wanapanga TAMISEMI, halafu wewe ukaangukia hapo hapo ulikosoma?

Chaki Nyeupe: Sikusoma hapa. Yeye ndiye aliyehamia, nikamkuta. Nitunge ili nipate nini?

Kaka Mjengo: Yanatokea. Mimi niko kituo kimoja na aliyenichapa Darasa la Nne, na mvua ikinyesha tunagawana mwavuli.

Fundi Namba: Turudi kwenye mada. Kipindi cha kwanza kiwe chako, mzee umwombe mkiandae pamoja. Wajapani, wenye utaratibu huu, huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha, wengine wakatazama watoto. Kila mwalimu asimame karibu na dawati moja, aandike mtoto amefanya nini. Wagawie vipande virefu vya karatasi, wavigawe sehemu sita sawa. Nusu wapake rangi: tatu. Theluthi: mbili. Jumla tano kati ya sita. Kisha uliza: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu mliyoanza nayo? Hapo nyamaza, usiwajibie. Watakachosema watoto ndicho cha kujadili kwenye kikao, moduli ifuate nyuma.

Chaki Nyeupe: Ratiba imeshasainiwa. Nikiibadilisha, Mkuu ataona nayumba.

Fundi Namba: Bora aone hivyo kuliko mzee asusie jumuiya hadi anastaafu. Ukimpoteza yeye umewapoteza wote.

Mama Tunu: Nenda kwake nyumbani jioni, usimwite ofisini.

Chaki Nyeupe: Sawa, kesho jioni nitaenda. Ila karatasi, niwapindie mimi au wapinde wenyewe? Ni watoto tisini.

Wa Nyanza: Wenyewe. Waanze kupinda tatu sawa, ndipo wakunje katikati. Wakianza kuhangaikia sita moja kwa moja kipindi kitaisha.