Sarafu za mwaka 1916 nilizookota bustanini Tabora

Mwana Unyanyembe: Wanajamvi, nikipita na mashine ya kutambua metali katika bustani ya umma hapa Tabora, niliokota sarafu mbili za manjano iliyofifia, zenye taji, maandishi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T. Je, ninaruhusiwa kuzihifadhi, na nizisafishe vipi?

Kisarafu: Hizo ni heller za dharura, yaani fedha ndogo za koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki (D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hilo), zilizopigwa hapohapo Tabora, ndiyo maana zina T, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoziba njia ya bahari na fedha kutoka Ujerumani zikaadimika, ndugu yao mkubwa ni rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo sidhani utaiokota bustanini. Usizisugue kwa ndimu wala majivu, kwa kuwa sarafu iliyong'arishwa hupoteza thamani machoni pa wakusanyaji. Ziloweke katika maji safi, kisha uzikaushe bila kuzipangusa kwa nguvu.

Mzee wa Reli: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hivyo umri pekee hauziingizi humo. Hata hivyo, ardhi hiyo si yako, kijana wangu. Omba kibali cha halmashauri kwa maandishi kabla ya kufukua tena.

Mwana Unyanyembe: Nimekuelewa, mzee. Barua naiandika leo.